Mwongozo kwa Mgeni Anayeitafuta Stesheni ya Kasongo

Umetazama ramani ya Kongo, ukaona reli inapita upana wa kidole tu kutoka mjini, ukajiambia utashuka kwenye basi, uvuke barabara na kupanda treni. Kabla hujamwita mwenye pikipiki, soma kwanza.

Stesheni ilipo. Iko Samba. Katikati kuna mto Lualaba. Daraja usilitafute, tafuta mtumbwi, na bei mpatane ukiwa bado nchi kavu.

Mbona iko ng'ambo? Usiwalaumu wenyeji. CFL, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa 1902, haikuwa ikifuata miji bali ikikwepa maporomoko. Maji yalipochafuka ililaza reli, yalipotulia ikaweka meli: reli kutoka Kisangani hadi Ubundu, meli hadi Kindu, reli tena kilomita 355 hadi Kongolo, kisha meli. Kasongo, mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambao misafara ya Zanzibar iliufikia kupitia Ujiji na Kabambare, haukuwa na maporomoko ya kutosha kustahili stesheni.

Ratiba. Treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, itokayo Lubumbashi kwa njia ya Kamina, Kabalo na Kongolo haichelewi kamwe, maana wa kuchelewa ni yule aliyetaja saa. Kwa hiyo usiulize itafika lini. Uliza imesikika wapi. Wakisema iko Kabalo, fua nguo. Wakisema imetoka Kongolo, funga mzigo. Wakisema imeacha reli, panda mihogo.

Mabasi ya kuunganisha. Basi la Samba ni pikipiki. Viti vyake ni hivi: dereva, wewe, mama mmoja aliyewahi kuliko wewe, gunia la mchele, bidoni la mawese, na kuku wawili ambao nauli yao hutaielewa. Ukiona umebanwa, tulia. Hilo ndilo daraja la kwanza. Daraja la pili ni kinga, baiskeli isiyopandwa na mtu: husukumwa, imebeba mzigo unaomzidi mwenyewe kimo. Usiidharau. Mvua ikinyesha na barabara ikageuka utelezi, pikipiki italala njiani, na kijana wa kinga atakupita, akusalimie kwa heshima, afike kabla yako.

Adabu. Mkuu wa stesheni mwite shefu, hata kama hana treni ya kuiongoza. Mwenye mvi ni muzee. Ukitaka habari za kweli, usisome ubao: nunua bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mama aliye karibu na reli. Akipika sufuria kubwa, treni iko karibu. Akipika ndogo, tafuta pa kulala. Saa yako iache mfukoni. Hapa inaonekana kama matusi.

Mzigo. Treni inayokwenda kusini hupenda mchele na mawese. Irudipo hupenda chumvi na samaki wakavu. Abiria asiye na bidhaa hutazamwa kwa mashaka: huyu anasafiri kwa sababu gani?

Kuaga. Usiage kwa machozi. Mara ya kwanza jamaa watakusindikiza hadi mtoni na kukufungia karanga. Utarudi, treni haikuja. Mara ya pili watakusindikiza hadi mlangoni. Ya tatu watakuuliza, bila kuinuka, kama njiani utapitia sokoni, maana chumvi imekwisha.