Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika: Ombi la Kuistaafisha Bembea

Kwa Mamlaka Husika,
Morogoro.

YAH: BEMBEA ILIYOSIMAMA KWA MUDA

Ndugu Mamlaka,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nianze na pongezi. Bango mlilotundika kwenye mabati ya kiwanja chetu cha watoto limedumu kuliko vifaa vyote vilivyomo ndani yake. Masika zimepita, jua la Moro limepita, mabati yenyewe yameanza kushika kutu, lakini maandishi yangali yanasomeka kutoka ng'ambo ya barabara: BEMBEA IMESIMAMA KWA MUDA KUPISHA MATENGENEZO. SAMAHANI KWA USUMBUFU. Aliyenunua rangi ya bango hilo ni mtu makini. Laiti angetumwa kununua na rangi ya bembea.

Sitakitaja kiwanja kwa jina, na sioni haja. Msomaji wa Kihonda atadhani ni cha kwao, wa Mafiga vilevile, na wa Tabora ataapa kwamba nimepita mtaani kwake.

Nisieleweke vibaya: sipingi kustaafu. Chuma huchoka. Mnyororo hulika taratibu pale pete zinaposuguana, beringi ya bembea ya kuzunguka ikikosa grisi hujitafuna yenyewe, na ufa mwembamba mahali palipochomelewa hauonekani kwa macho mpaka siku unapoachia. Kwenye viwanja vikubwa vya burudani huko duniani sababu ni nyingi zaidi. Kiwanda kilichounda mashine kimefungwa, vipuri hakuna. Bima imepanda. Kifaa cha zamani kinapakia watu wachache kwa saa na foleni inarefuka juani, ilhali kipya kinaleta waandishi wa habari na kuuza tiketi. Kinachopendwa na kinachoingiza fedha si lazima viwe kitu kimoja, nami si mtoto, naelewa.

Hata Unguja walielewa. Mwaka 1879 Seyyid Barghash alikuwa na reli ndogo ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, behewa likivutwa na nyumbu. Baadaye ikaja injini ya mvuke, nyumbu wakapumzishwa. Sultani alipofariki mwaka 1888, reli nayo haikudumu, ikang'olewa. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, tena mbele ya macho ya watu: kwanza injini imefika, kisha mwenye mali ameondoka. Nyumbu wa karne ya 19, Ndugu Mamlaka, walijulishwa hatima yao kuliko wazazi wa Morogoro.

Wala sisemi mmeibuni ninyi hii mbinu ya "kwa muda". Septemba 1994, kule Florida, Disney walifunga safari yao ya nyambizi iliyopendwa tangu 1971. Walisema ni ya muda, ni matengenezo. Ilipofika 1996 ndipo wakakiri kwamba hairudi tena. Miaka miwili! Wenye fedha zote zile, wanasheria na wahandisi wote wale, walihimili kudanganya miaka miwili tu. Ninyi mmewapita, tena bila hata kompyuta ya kueleweka, na taifa halijawapa nishani.

Ila kuna jambo linanisumbua. Mwaka 1916, vita vilipowazidi, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na Kigoma. Ikalala chini ya Ziwa Tanganyika mpaka 1924 ilipoibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria kwa jina la Liemba. Hiyo ilikuwa meli nzima, imejaa tope la miaka minane, katika zama ambazo kupeleka boliti moja Kigoma ni safari. Bembea yetu haikuzama. Imesimama nchi kavu, mwendo mfupi kutoka duka la vifaa vya ujenzi.

Na kule Copenhagen, katika bustani ya Tivoli, kuna vigari vya kupanda na kushuka juu ya reli ya mbao vilivyoanza mwaka 1914, mwaka uleule Reli ya Kati ilipofika Kigoma. Vinakwenda mpaka leo, na ndani yake anakaa mtu wa kushika breki. Mtu mzima, ana ajira, ana likizo, kazi yake breki. Sisi pia kiwanja chetu kina mwajiriwa: mlinzi mwenye firimbi, anayeipuliza kila mtoto anapochungulia kwenye tundu la bati. Kwa maana hiyo fedha za mishahara zipo. Zinalipia kuhakikisha hakuna anayecheza.

Msije mkasema naogopa maendeleo. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Moro tarehe 14 Juni 2024 nilishangilia mpaka koo likakauka, na nashangilia bado, kwa sababu hiyo sasa ndiyo njia ya mkato ya mtoto wa Morogoro kwenda kubembea. Unampandisha Kihonda, unamshusha Dar, unatafuta usafiri wa Kunduchi, unalipa kiingilio, anateleza kwenye maji. Maji yenyewe sitashangaa yakiwa yetu: Mto Ruvu unaoinywesha Dar unaanzia humuhumu Uluguru. Sisi tunawashushia maji, halafu tunawafuata huko tukalipie kuyachezea. Ni mpango mzuri. Aliyeupanga apandishwe cheo.

Sisi wengine, tusio na nauli, tunabaki hapa. Jioni watoto wanacheza barabarani. Mnaijua hiyo barabara, mnapita na magari yenu, vioo juu. Wanacheza katikati ya bodaboda na malori ya mchanga, mpira ukikimbia na wao wanakimbia, na kila breki inapolia mtaa mzima unanyamaza kuhesabu watoto. Upande wa pili wa mabati tunaona zimeshaota fremu za maduka, tatu zimepigwa lipu na ya nne ina mpangaji. Fremu hazikusimama kwa muda. Fremu hazikusubiri bajeti ya mwaka ujao, wala upembuzi yakinifu, wala mchakato. Nauliza tu: mnataka tumzike nani ndipo mje na spana?

Samahani. Nimepandisha sauti mbele ya ofisi. Nirudi kwenye ombi.

Naomba bembea istaafishwe rasmi, kama mtumishi mwingine yeyote wa umma.

Utaratibu upo. Kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60. Bembea yetu haijafikisha hata hiyo ya hiari, kwa hiyo tutaandika kwamba anastaafu kwa sababu za ugonjwa (mniruhusu kuanzia hapa nimwite "yeye", ni mtumishi). Itahitajika taarifa ya daktari. Fundi mmoja wa kuchomelea amejitolea, amempima kupitia tundu la bati mlinzi alipokwenda kunywa chai, na matokeo yametoka: mgonjwa anasumbuliwa na nati mbili na pete moja ya mnyororo.

Nati mbili. Naomba hapo mpasome tena, kwa sauti, kwenye kikao.

Kisha faili lake. Najua mtadai barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya cheo cha mwisho. Ya kwanza mliipoteza ninyi mlipohama ofisi. Ya cheo haipo, maana hakuwahi kupanda: aliajiriwa bembea, anaondoka bembea, wakati waliosaini manunuzi yake walipanda mpaka wakahamishiwa Dodoma. Michango yake ya kila mwezi, yaani grisi, mwajiri hakuiwasilisha. Kuhusu mafao, naomba msimfanyie ukali wa kikokotoo. Watumishi hawajasahau Julai 2022, mkupuo ulipowekwa asilimia 33, na hata ulipopandishwa mwaka 2024 hadi 40 kwa baadhi yao, roho zao hazijatulia. Huyu tumhesabie kwa misukumo. Nusu alipwe mkupuo wa minyororo mipya. Inayobaki ije kidogo kidogo kila mwezi, kwa rangi. Na akiitwa kwenye uhakiki wa wastaafu atafika mwenyewe kama sheria inavyotaka. Msukumeni. Akilia "kwii", mjue yu hai.

Sherehe iwe Ijumaa jioni. Maturubai mawili, viti vya plastiki, spika kubwa kuliko eneo. MC lazima, maana mji huu hautambui shughuli isiyo na MC. Mgeni rasmi achelewe saa mbili kamili ili tujue ni mgeni rasmi kweli. Risala isomwe na mtoto wa darasa la pili, iwe na mafanikio matatu na changamoto moja, na changamoto hiyo isemwe kwa sauti ya chini. Muziki wa bendi, si wa kwenye simu; mji uliowalea Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe haumwagi mtu kwa spika ya bluetooth. Zawadi tutampa mabati. Mabati tayari yapo, yamezunguka kiwanja kizima, kazi ni kuyang'oa na kumkabidhi huku akina mama wakipiga vigelegele. Keki ikatwe na watoto, tena kabla ya meza kuu kuhudumiwa, najua hili ni gumu kiitifaki lakini lijaribiwe.

Halafu kilele. Baada ya hotuba, mgeni rasmi apande. Avue koti, akae kwenye kibao, ashike minyororo kwa mikono yote miwili, na watoto wamsukume. Akienda mbele atauona mlima Lupanga juu ya mapaa ya fremu, na ukungu wake wa jioni, kama walivyokuwa wakiuona wao. Akirudi nyuma ataiona ofisi yenu. Asukumwe mpaka ashibe vyote viwili.

Nimelifikiria sana hili la kupanda, na nina sababu. Hakuna itifaki duniani itakayomruhusu mgeni rasmi kukalia kitu kibovu. Kwa hiyo usiku wa kuamkia Ijumaa zitaletwa taa, jenereta, mafundi wanne, msimamizi wa mafundi na msimamizi wa msimamizi, na kufikia alfajiri zile nati mbili zitakuwa zimefungwa, pete imebadilishwa, rangi bado mbichi, kama mashimo ya barabara yanavyozibwa usiku mmoja kabla ya ziara. Jumamosi tutaamka na bembea mzima wa afya, aliyestaafu.

Hapo sasa mtakuwa na mstaafu mwenye nguvu na ujuzi adimu. Wenzake wenye sifa hizo huwa mnawafanyaje? Mpeni mkataba wa miaka miwili.

Nina maombi mengine madogo, nayapitia haraka kwa kuwa muda wenu ni wa thamani. Bango liwekwe tarehe, yoyote, hata ya uongo, tuwe na kitu cha kusubiri. Tuambiwe ufunguo wa lile kufuli uko kwa nani, maana kila tunayemuuliza anamtaja mwenzake aliyeko semina. Lile kasri la upepo linalojazwa kwa mashine pembeni ya fremu, ambalo mtoto anaruka dakika kumi kwa elfu tatu, lisiitwe tena "eneo la wazi la umma" kwenye taarifa zenu. Na mlinzi apewe firimbi ya plastiki. Ya chuma inatuamsha.

Mkiona ombi kuu ni zito, basi kuna njia rahisi kuliko sherehe. Semeni. Njooni mchana, mkiwa na kipaza sauti, mtutamkie kwamba kiwanja kimeuzwa, au kimepangishwa, au kimesahauliwa, na kwamba bembea haitarudi. Tutakasirika siku hiyo, tutawasema msikitini na kanisani, halafu tutaitisha kikao cha mtaa, tutachanga, tutatafuta mti wa mwembe wenye tawi la kuaminika na kamba ya katani. Mkonge Morogoro haujaisha. Kinachotufunga mikono ni hilo "kwa muda" lenu: mzazi hachangii kamba ya mwembe wakati serikali yake imeandika kwa rangi nzuri kwamba bembea yaja.

Nategemea ushirikiano wenu wa kawaida, ingawa safari hii ningependelea ule usio wa kawaida.

Wenu mtiifu, mpaka sasa,

Mzazi,
Mji Kasoro Bahari.

Nakala:
Mlinzi (asomewe, akiweka firimbi chini).
Fundi wa kuchomelea (ajiandae na usiku wa Alhamisi).
Mweka Hazina, ambaye najua atauliza keki ni ya nini.