Taarifa ya Siri kwa Katibu Mkuu, Isomwe Hadharani

Kwa Mheshimiwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

KUH: WATU WA BUSIA NA TORORO WANAOTANGAMANA BILA KIBALI

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Busia. Ni Busia ya upande gani, wa Kenya au wa Uganda, naomba nisiseme, maana kazi ya barua hii ni kuchongea majirani, na mchongezi mwenye akili haachi anwani.

Najua una shughuli nyingi. Nchi zilizotia saini mkataba mwaka 1999 zilikuwa tatu, leo ziko nane, na kila moja ina wimbo wake wa taifa wa kusimamiwa kabla ya kikao kuanza. Lakini huku mpakani kuna watu wanatekeleza mambo ya Jumuiya kabla hayajajadiliwa, na nimeona si vizuri upate habari hizi kwa wengine.

Nianze na wabadilisha pesa. Tarehe 30 Novemba 2013 wakuu wa nchi walitia saini Itifaki ya Umoja wa Fedha mjini Kampala, tukaahidiwa sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka 2024 ulikuja ukapita, sasa tunaambiwa 2031. Sawa, haraka haraka haina baraka. Ila hapa getini kuna vijana wamekalia viti vya plastiki, bunda la shilingi za Kenya mkono huu, la Uganda mkono ule, na wanamaliza kazi kabla hujamaliza kuuliza bei. Hawana gavana wala kamati ya wataalamu, na semina hawaijui. Mama muuza ndizi anapokea pesa yoyote utakayompa na chenji anairudisha kwa ile nyingine, hesabu yote kichwani. Wananchi wa kwingine wakijua kwamba jambo hili linawezekana kwenye kiti cha plastiki, posho za vikao zitatoka wapi?

Kesi ya pili ni nzito zaidi, inahusu ng'ombe. Wateso wako Amukura na Amagoro upande wa Kenya, wako Tororo upande wa Uganda, na wanaoana kana kwamba hakuna aliyewapa habari za mpaka. Kijana wa Amukura akimpenda binti wa Tororo, wazee hawaulizi pasipoti, wanauliza ukoo. Wakielewana, ng'ombe wanavuka, wengine mchana kweupe wakijifanya wanakwenda kunywa maji mtoni. Sasa naomba mwongozo. Utaratibu wenu wa biashara ndogo ndogo unasema mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha asili na hautozwi ushuru wa forodha. Je, mahari ni mzigo? Ng'ombe wakiwa wengi thamani ikapita kiwango, wakwe wapeleke nusu leo na nusu baada ya mavuno? Daktari wa mifugo akimzuia mmoja kwa sababu anakohoa, ndoa inasimama au inaendelea kwa mkopo? Na bibi harusi akishahamia Kenya, halafu akarudi kwao kujifungua, mtoto huyo tumwandike kuwa ametengenezwa wapi, ikiwa malighafi imetoka nchi mbili?

Wasamia wa Funyula na wa Lumino nao wana kosa lao, matanga. Wanavuka na kuku, unga, sufuria na vilio, na hakuna anayebeba risiti ya hata kimoja. Pale mtaa wa Sofia kuna kijana anakaanga rolex: unga wa Kenya, mayai ya Uganda, nyanya za popote, vyote vinazungushwa kwenye chapati moja na kuliwa kabla ofisa hajafungua ukurasa wa kanuni za asili ya bidhaa. Kaveera, ile mifuko ya plastiki, ndiyo usiseme. Kenya ilizipiga marufuku Agosti 2017, faini inafika shilingi milioni 4, na bado omena unauziwa ikiwa imefungwa humo, fundo safi kabisa. Mwamba wa Tororo nao unaonekana hadi Kenya bila kugongewa muhuri. Ningependekeza ufunikwe.

Lakini aliyenitia wasiwasi kuliko wote ni mama mmoja wa nyanya. Nilikuwa karibu kijana mwenye sare alipomsimamisha.

"Mama, hizi nyanya zimetoka wapi?"

"Shambani, mwanangu."

"Shamba la wapi?"

"La mume wangu."

"Nauliza, liko nchi gani?"

Mama akatua karai, akajifuta jasho kwa ncha ya leso. "Upande wa migomba ni Uganda, upande wa choo ni Kenya. Nyanya nimepanda katikati."

Kijana akazitazama kwa makini sana, akachukua mbili. Nadhani zilikuwa za kupelekwa maabara.

Shamba kama hilo, Mheshimiwa, ndilo lililotufunza sayansi. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu ni balaa, inaharibu ini, na hilo sifanyii mzaha. Kilichotushangaza ni jinsi sumu hiyo ilivyojua kusoma ramani: mahindi ya upande wa migomba hayafai, ya upande wa choo ni chakula. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti, na sumu nayo ikatulia.

Tusiwasahau wenye mpaka. Hadi 1902 Uganda ya Waingereza ilifika karibu na Naivasha. Mwaka huo wakaumega mkoa wake wa mashariki wakautia kwenye himaya yao ya jirani, nasi tukaamka tukiwa wageni kwa mashemeji zetu. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walifungua hapa Busia kituo cha pamoja, ili anayevuka asimame mara moja badala ya mbili, na sehemu ya fedha za kukijenga ilitoka Uingereza. Aliyetutenganisha ametuchangia nauli ya kutembeleana. Ungekuwa wewe ungekataa?

Kituo chenyewe ni kizuri, na wenye malori wanakisifu. Mama wa nyanya hapiti hapo. Anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye njia za panya, na nimemuuliza kwa nini, ikiwa nyanya zake zinaweza kuvuka bila ushuru. Akasema kule nyuma kuna ada, lakini ada yake inajulikana. Huku mbele kuna msamaha, ila hakuna anayeweza kumwambia unaanzia wapi na unaishia wapi, na kila anayemuuliza anakuja na jibu lake na bei yake. Kwa mtu mwenye karai moja na watoto wanaosubiri unga wa jioni, bora mwizi anayejulikana.

Kwa hiyo pamoja na kuwashtaki majirani zangu nina ombi moja. Ile orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru, itoeni kwenye makabati ichorwe ukutani, getini Busia na getini Malaba, herufi kubwa, kwa Kiswahili, Kiteso na Kisamia. Dola 2,000 ziandikwe ni shilingi ngapi za Kenya na ngapi za Uganda. Wale vijana wa viti vya plastiki watawasaidia kila asubuhi bila malipo. Chini yake ichorwe namba ya simu ya kulalamikia, na simu hiyo ipokewe. Mmekwisha kukubali Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, basi kipeni kazi hii ya kwanza.

Rangi tutachanga sisi wenyewe. Orodha tunaomba itoke kwenu.

Wako mtiifu,

Mchongezi,
Busia.