Kuku Aliyeatamia Elementi

Kuku wetu mweupe alikuwa na nyumba nzima ya kuchagua. Uvunguni kulikuwa na tenga bovu, jikoni kulikuwa na sufuria iliyotoboka, na nyuma ya choo kulikuwa na majani makavu ambayo kuku wa jirani wanayagombania. Yeye akapanda juu ya magunia stoo, akaikuta kofia ngumu ya Baba Zuhura imelala chali, mdomo juu, akaingia. Akataga humo siku baada ya siku. Tulipokuja kugundua, alikuwa keshaatamia mayai 11, na macho yake yalikuwa yale ya kuku asiyetaka maswali.

Mtu atauliza: mwenye kofia alikuwa wapi muda wote huo? Ndilo swali nililouliza mimi pia. Baba Zuhura akajikuna kisogo, akasema trafiki walikuwa hawaonekani barabarani.

Pikipiki yetu tuliinunua kwa fedha za korosho, malipo ya mnada yalipoingia benki, na muuzaji akatupatia na kofia. Nyumbani kwetu haijawahi kuitwa kofia ngumu hata siku moja. Hilo ni jina la polisi na redio. Sisi tunasema elementi, kama Newala nzima. Tangu siku ya kwanza elementi ilipata makazi yake: kiwiko cha mkono wa kulia cha Baba Zuhura. Akiona bodaboda wenzake wanampa ishara ya taa kwamba mbele kuna trafiki, inapanda kichwani. Akivuka, inarudi kiwikoni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka ivaliwe kichwani, lakini mwaka 2021 Serikali iliposhusha faini za bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, mume wangu alisherehekea kana kwamba kichwa chenyewe kimeshushwa bei.

Siku zisizo na trafiki elementi ilifanya kazi nyingine. Nimeikuta ikipimia mihogo mikavu. Nimeikuta imewekwa chini ya bomba linalodondoka, na kwa shida ya maji ya huku kwetu juu sikuweza kugomba. Msimu wa korosho kijana mmoja alikuja kuiomba aifanye kangomba, nikamfukuza, maana kununua korosho za watu kwa vipimo vya namna ile ni kosa, na kwa kofia yetu ni kosa mara mbili.

Sasa imekuwa kiota. Nikasema tuyahamishe mayai. Mama mkwe, ambaye stoo ile ni mali yake kwa kila hali isipokuwa kwa maandishi, akasimama mlangoni.

“Kuku akihamishwa anasusa. Mnataka asuse?”

“Mama, siku 21 mwanao ataendesha kichwa wazi.”

“Kwani mwezi uliopita alikuwa anaendesha na nini?”

Hapo sikuwa na jibu.

Jioni ile kikao kikaitishwa, na kwa kuwa sisi ni Wamakonde, kikao bila mjomba ni mazungumzo tu. Kaka yake mama mkwe akaja, akapewa kiti na kikombe cha chai, akaomba aonyeshwe kofia. Akamwangalia kuku, kuku akamwangalia. Kisha akasema neno ambalo Baba Zuhura alilitembeza kijiweni wiki nzima. Alisema kitu kile ni lipiko. Kila aliyecheza mapiko anajua: kinyago kinaingia kichwa kizima, unachungulia kupitia mdomoni, na kazi yake ni kwamba usijulikane wewe ni nani. “Sasa dereva asiyejulikana, abiria atampaje nauli?”

Mama mkwe akaongeza lake. Kichwa chake kilipandisha ndoo za maji kutoka bondeni tangu usichana, kabla bomba halijafika kijijini kwao, na hakikuvaa kitu ila ngata. Baba Zuhura akasema elementi inaziba masikio, abiria akimwambia “shusha hapa” yeye anampitisha hadi sokoni, na abiria wenyewe wanaikataa ya kwao kwa sababu ya jasho la kichwa kilichotangulia. Mimi, niseme ukweli, nilinyamaza. Nilikuwa nimesuka siku mbili kabla, na nisingekubali kuingiza ile kazi ndani ya kofia hata kwa amri ya mahakama.

Aliyebaki upande wa elementi ni Zuhura peke yake, wa kidato cha pili, na yeye alikuja na daftari. Akatusomea kwamba mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yanakadiria kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42.

“Na hizo 31 zilizobaki?” akauliza baba yake, ambaye hesabu ya kutoa huipata haraka akitaka.

Zuhura akageuza ukurasa. Akatuhadithia Mwingereza mmoja, T. E. Lawrence, aliyepigana vita Uarabuni juu ya ngamia akatoka mzima, kisha mwaka 1935, huko kwao, akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akaanguka na pikipiki yake kichwa wazi, akafa siku chache baadaye. Daktari mmojawapo aliyemhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo lile. Akawachunguza askari wapeleka barua wa pikipiki, mwaka 1941 akaandika alichokiona, na jeshi likawavisha askari wake kofia. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

“Huyo kijana, mama yake alikuwa wapi?”

“Alikuwa China, Bibi.”

“Mnaona?” akasema, na kikao kikavunjika, kuku akiwa ameshinda.

Baba Zuhura hakuwa mjinga kabisa. Siku ya tano aliazima kofia ya njano kwa kibarua wa ujenzi wa barabara ya lami, zile za kujikinga na tofali linaloanguka. Haina kamba ya kidevuni. Nigeria mwaka 2009 waliposimamia sheria ya kofia, kuna waendesha pikipiki waliovaa vibuyu, kwa hiyo nasi tusijione wa kwanza. Akapata mgeni aliyetaka kuliona Shimo la Mungu. Wanaopafahamu wanajua upepo wa Agosti pale ukingoni, nchi inapokatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Kofia ilimtoka kabla hajazima injini. Ikagonga jiwe, ikaruka, ikagonga la pili, ikashika njia ya Ruvuma. Tulimlipa kibarua fedha zake. Mjomba akasema kule ng'ambo nako wako ndugu zetu, itavaliwa.

Siku ya 16 alipeleka mfuko wa salfa shambani. Ule mchanga wa njia ya shamba ukikauka unakuwa kama unga, na gurudumu la mbele likizama halitoi taarifa. Pikipiki ilisimama, yeye akaendelea. Mzizi wa mkorosho ulimpokea kwenye paji la uso.

Walimleta na shati limelowa damu. Zahanati walimshona nyuzi tano. Nilimkagua mwili mzima usiku ule kwa taa ya simu: goti limechubuka, bega limevimba, mdomo umepasuka. Kiwiko cha kulia, makazi ya elementi, hakikuwa na hata mkwaruzo. Nilimwonyesha. Akageukia ukutani.

Mama mkwe hakusema kitu. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa chumba chetu, jambo ambalo halifanyi, akawa anamsikiliza mwanawe akihema. Saa nane za usiku nikasikia kelele stoo. Nikadhani kicheche. Nikamkuta yeye, kanga moja kiunoni na moja kichwani, amemkumbatia kuku kwapani huku akiyatoa mayai moja moja kutoka kwenye elementi na kuyapanga kwenye tenga. Kuku alikuwa anamdonoa mkono naye hajali.

“Atasusa, Mama,” nikasema.

“Na asuse.”

Asubuhi tenga lilikuwa na mayai 11 ya baridi, na kuku alikuwa amekaa ndani ya elementi tupu, ametanua mkia na mabawa, akiatamia sponji. Ikabidi tumrudishie. Ukitazama vizuri ndani ya kofia ile, ile sponji ngumu iliyowekwa ili ibonyee badala ya fuvu, utakubali kuwa kuku alijua anachokifanya tangu mwanzo, ila hatukuwa watu wa kuulizwa.

Vifaranga tisa walitoka. Mayai mawili yalikuwa viza, na moja kati ya hayo lilikuwa limepasukia humo humo, likanywewa na sponji. Niliosha kwa sabuni, nikaosha kwa majivu, nikakamulia ndimu, nikaanika juani siku tatu. Ndoo nne za maji ziliishia kwenye kofia. Harufu ilipungua, haikuondoka.

Siku ya kutoa nyuzi, mama mkwe akasema anamsindikiza mwanawe. Alikuwa amefungua pindo la kanga yake bila kumshirikisha mtu, akaenda dukani, akarudi na elementi nyekundu. Akaivaa juu ya ushungi, mbele nyuma. Zuhura akaigeuza, akamfunga kamba ya kidevuni. Mjomba alikuwa amekaa kibarazani; akaanza kupiga makofi ya mapiko taratibu, dada yake akamtolea jicho kupitia kidirisha cha elementi, akaacha.

Mimi sikwenda; mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, ni kosa. Niliyosimuliwa ni haya. Njia panda walisimamishwa. Trafiki akamsogelea Baba Zuhura ili akague kamba, akainamia karibu na kidevu, akarudi nyuma hatua mbili, akaziba pua na kuwapungia mkono wapite haraka. Mama mkwe alilalamika njia nzima hadi zahanati. Alisema mwanawe ameondoa pikipiki upesi mno, na trafiki hakupata muda wa kumwangalia yeye.