Maiti Haili Ubwabwa

Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyezaliwa Okinawa mwaka 1868 na kuipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliwaachia wanafunzi wake wa Shotokan kanuni ishirini. Nimezisoma zote. Hakuna hata moja inayogusia mbigili.

Hapa Bariadi mbigili ndiyo sensei wa kwanza. Karate inachezwa miguu mitupu, na klabu yetu haina ukumbi. Kumbi za kukodi zipo mjini, ila Jumamosi zina harusi, Jumapili zina ibada, na siku zilizobaki bei yake ni ya watu wa semina. Kwa hiyo tunafanyia mazoezi kwenye kiwanja cha shule ya msingi, jioni, watoto wakishaondoka na mbuzi wakiwa wanarudi. Mvua zikikata tu, mbigili inakauka, na mbegu zake zinatawanyika kiwanja kizima. Aliyeiumba mbegu ile hakuwa na haraka: idondoke vyovyote itakavyo, lazima mwiba mmoja uangalie juu.

Sasa Shotokan ni mtindo wa kusimama chini na kwa hatua ndefu. Ukiwa kwenye zenkutsu-dachi, goti la mbele limekunjwa na mguu wa nyuma umenyooka, sheria ni kwamba unapokwenda mbele unyayo haunyanyuliwi, unaburuzwa. Kwenye sakafu ya mbao za Tokyo hilo ni jambo la raha. Kwenye kiwanja chetu, kila hatua inazoa. Wakongwe wa klabu wameshajijengea ufundi wao: anateleza, anasita, ananyanyua mguu, anachomoa, anatupa kando, anaendelea na kata kana kwamba hakuna lililotokea, uso mkavu. Mgeni mmoja kutoka Mwanza alitutazama kwa heshima kubwa, kisha akamuuliza sensei kwa unyenyekevu ile ya kujipapasa unyayo katikati ya kata ya Heian Shodan inafundishwa na tawi gani.

Masika nayo ina mambo yake. Kiwanja kimekaa kwenye mteremko: juu ni luseni, kichanga kizuri kabisa, chini ni mbuga, ule udongo mweusi unaoshika ng'ombe mpaka aitiwe watu. Wenye mikanda ya juu wanasimama luseni. Wanaoanza wanapelekwa mbugani, wakajifunze unyenyekevu. Ukipiga mae-geri pale, mguu unaopiga unakwenda na ule wa kusimamia unabaki, na ukija kuung'oa unatoka na kilo nzima ya Usukuma. Mama mwenye nyumba wangu alipoiona gi yangu, vazi la karate, baada ya zoezi la kwanza la mvua aliuliza kama nimepata kibarua cha kufyatua tofali.

Na hiyo gi ina historia yake. Mkoa wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Msimu ukifunguliwa mwezi wa tano, malori yanapita na marobota siku nzima. Lakini gi ukiikuta dukani jijini, ukigeuza kola, imeandikwa imeshonwa Pakistan. Sialkot kule wanavisha wanakarate wa dunia, pamba tunalima sisi. Kwa uchungu wa jambo hilo, na kwa uchungu zaidi wa bei, nilimpelekea kitambaa fundi cherehani wa sokoni pamoja na picha. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Siku ya kuchukua nilikuta koti zuri, mishono miwili miwili, na suruali yenye zipu, mifuko miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma wenye kifungo.

"Fundi, hii ya karate haina mifuko."

"Nimeona kwenye picha. Nikasema huyo Mjapani alidhulumiwa. Simu utaweka wapi, kaka?"

Nikaivaa hivyo hivyo. Si siri kwamba baada ya wiki chache sensei mwenyewe alikuwa ananiomba nimshikie funguo za pikipiki.

Watu wa nje wa klabu wana elimu yao kuhusu sisi, na haitoki Japani. Karate imefundishwa Dar es Salaam tangu 1973, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alipokuja na mtindo wa Goju-ryu, lakini wengi wetu huku tuliipata kwenye vibanda vya video, Wachina wakiruka mapaa huku sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ikitueleza kwa Kiswahili nani kamuua baba wa nani. Ndiyo maana mtaani kwangu inajulikana kabisa kwamba mtu wa karate lazima mikono yake isajiliwe polisi, na kwamba akikupiga kidole kimoja tu unatembea siku tatu ndipo unaanguka. Dada wa genge anaamini hivyo, na hanidai kwa sauti. Hasara yake ni kwamba stendi wakishikana makonda wawili kuhusu abiria, mimi ndiye ninayeitwa. Naitwa kwa jina. Naulizwa mbona natembea polepole.

Asiyeamini hata kidogo ni babu mmoja jirani yetu, sungusungu wa zamani, wa kizazi kile cha mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilipojipanga na pinde huku Usukumani na Unyamwezini kukomesha wizi wa ng'ombe. Huyo alinisimamisha njiani nikiwa na mkanda wangu wa kijani begani.

"Mwadila, mwanawane. Hiyo yenu inakinga mshale?"

"Hapana, babu. Inakinga ngumi."

"Sasa mwizi wa ng'ombe anakuja na ngumi?"

Nilimwalika kwenye mashindano. Hilo ndilo lililotuletea yote yaliyofuata.

Mashindano tuliyaweka baada ya mavuno, watu wana hela na nafasi. Hatukupiga hesabu kwamba huo ndio msimu wa ngoma, na mtu wa Usukuma amelelewa na sheria moja tu ya mashindano. Nenda Bujora pale Kisesa mwezi wa sita, wakati wa Bulabo, utaiona. Kuna Bagika na kuna Bagalu, wafuasi wa waganga wawili wa kale, Ngika na Gumha, waliogombea nani ana dawa kali kuliko mwenzake. Timu mbili zinacheza wakati mmoja, kila moja upande wake, na yenye watu wengi ndiyo imeshinda. Hakuna jaji wala vibendera. Mtazamaji akichoka anahama, na kuhama kwake ndiyo kura. Ndiyo maana wachezaji wataleta lolote: mwanasesere, moto, fisi, chochote kitakachogeuza shingo. Mimi naona ni mfumo wa haki kuliko wetu, lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kuusifu.

Tulianza na kata. Kwa asiyejua, kata ni pambano la mtu mmoja dhidi ya maadui wasiokuwepo, mapigo yamepangwa, na ukimaliza unatakiwa uwe umesimama pale pale ulipoanzia. Nilipewa Heian Shodan, hatua ishirini na moja. Nikainama, nikataja jina la kata kwa sauti, nikageukia kushoto na gedan-barai. Kimya. Halafu sauti ya mama mmoja, mstari wa mbele:

"Huyo anapigana na nani?"

"Na adui," akajibu mshereheshaji, kwenye kipaza sauti.

"Yuko wapi?"

"Haonekani, mayu."

Nilimsikia akivuta watoto nyuma. Kwa adui wa aina hiyo huku kwetu mtu haachwi arushe ngumi peke yake kiwanjani. Anachangiwa nauli apelekwe kwa mtaalamu. Nilipofika kwenye kiai ya kwanza, ile sauti inayotoka tumboni, mama akasema, "Mnaona sasa," na watu wakaitikia.

Bado nilikuwa nao, lakini. Watu walikuwa wengi na nilianza kujisikia. Ndipo upande wa pili wa kiwanja, kwenye shughuli ya watu wengine kabisa, wakashuka Bayeye na chatu wao.

Bayeye ni wachezaji wa nyoka. Ngoma ikalia mara moja, chatu akatolewa kwenye sanduku, na nikiwa kwenye hatua ya kumi na kitu niliona kwa pembe ya jicho watu wote wakiondoka. Hawakuondoka mmoja mmoja. Waliondoka na viti. Nilimalizia kata mbele ya waamuzi, mbuzi wawili na akina mama waliokuwa wakipika ubwabwa wa wageni, na kati ya hao mwamuzi mmoja alikuwa amegeuza kiti. Kwa sheria ya Funakoshi nilipata alama za kuridhisha. Kwa sheria ya Ngika na Gumha nilipigwa na nyoka.

Mshereheshaji ni mtoto wa hapa hapa. Akaona aibu ya klabu, akatangaza kwamba kata zimekwisha na sasa watu wanapigana kweli. Wakarudi mbio, na Bayeye wawili kati yao.

Eneo la kumite, yaani la kupigana, ni mraba wa mita nane kwa nane. Tulilichora kwa chokaa asubuhi, lakini watu wakisikia ngumi wanasogea, na waliokuwa nyuma wanasukuma, kwa hiyo nilipoingia nilikuwa na nafasi ya chumba cha kupanga. Kutoka nje ya mstari ni kosa, linaitwa jogai. Siku ile halikuwezekana. Nilirudi nyuma mara moja kujipa nafasi, nikapokelewa na mikono mingi na kurudishwa kati kwa nguvu, mtu akinisihi, "Nenda bwana, mbona unamwogopa, mwembamba yule!"

Mwembamba alikuwa mwanafunzi wa chuo kutoka Mwanza, aliyevua miwani na kuikabidhi kabla ya kuingia. Upande wake mwekundu, wangu mweupe. Mwamuzi akasema hajime. Niliona bega lake likitikisika, na nilikuwa katika kufikiria maana ya tikisiko hilo ngumi ilipokuwa tayari imesimama kwenye chembe cha moyo wangu, umbali wa unywele. Mwamuzi akapiga kelele: ippon! Pigo moja safi, pambano limekwisha.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi, na hatukuwa sisi.

"Amempiga wapi?" aliuliza babu sungusungu, akiingia katikati ya mraba na fimbo yake.

Sensei akamweleza vizuri: ngumi inasimamishwa kabla haijafika, huo ndio ufundi wenyewe, kwamba ingefika angekufa.

"Kwa hiyo huyu amekufa?"

"Kwa hesabu za karate, babu, ndiyo."

Babu akanizunguka. Akanibonyeza kifuani na ncha ya fimbo. "Na mwizi akija mtamwonyesha ngumi, halafu mtamtangazia kwamba amekufa?" Watu wakaangua kicheko. Lakini mzee wa sungusungu hakai na kesi bila kuitolea hukumu, akainua fimbo watu wakanyamaza. Akasema wageni wametoka mbali na mwenyeji hapingi sheria ya mgeni. Kama mwamuzi amesema huyu amekufa, basi amekufa, na asiwepo wa kubisha.

Nilidhani yamekwisha. Saa ya chakula nikapanga foleni na sahani yangu, nikafika mbele ya sufuria, na mama aliyekuwa akipakua akaweka upawa chini.

"Wewe si umekufa?"

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Babu ametoa hukumu tumesikia wote. Maiti haili ubwabwa. Pisha walio hai."

Wakala wageni, wakala waamuzi, wakala Bayeye ambao hakuna aliyewaalika, akala na dereva wa basi la Mwanza, sahani mbili. Yule mwembamba alinipitia akiwa amesharudisha miwani yake, akaniinamia kwa adabu zote za Kijapani, mkononi ana paja la kuku. Mimi nilipata ukoko, nikautia kwenye mfuko wa nyuma wa gi, nikafunga kifungo.