Namna ya Kutoka Kwenye Kosa la Ruhusa Mwenyekiti Akiwa Nyuma ya Bega Lako

Ndugu yangu, nakujua. Ulipewa kazi ya tovuti ya chama cha wakulima wa ufuta hapa Kamsamba, ukakubali kabla hata bei haijatajwa. Leo mwenyekiti amekuja kuiona, amevuta kiti akakaa nyuma ya bega lako, na katibu amesimama mlangoni. Umepakia WordPress kwenye seva ya kuchangia, umeandika anwani, umebonyeza. Umetokea ukurasa mweupe wenye namba moja: 403. Kampuni iliyokuuzia nafasi haina ofisi huku bondeni. Tunduma ni mbali, Mbeya ni mbali zaidi. Unataka mambo mawili: tovuti ifunguke, na mwenyekiti aendelee kukuita fundi. Yote mawili yanapatikana, na kwa mkato.

1. Nyamaza, usome

Toa mkono kwenye kipanya. Soma kilichoandikwa mpaka mwisho, taratibu. Anayesoma kwa utulivu huonekana anajua, na kwa kuwa anasoma, baada ya muda anajua kweli.

Ukiona 403, seva imekataa kuonyesha: ama ruhusa za folda zimebana mno, ama hakuna faili la index la kufungulia. Ukiona 500, angalia kama kuna faili lililoachwa wazi kupita kiasi, au faili la .htaccess lenye mstari mbovu. Ukiambiwa folda ya picha imeshindwa kuundwa ndani ya wp-content/uploads, programu haina ruhusa ya kuandika hapo. Na WordPress ikikuomba nywila ya FTP kila unapotaka kuongeza kiendelezi, imegundua kwamba faili za tovuti si mali ya jina inalotumia kufanya kazi. Hilo la mwisho ndilo linalowachosha mafundi wengi, na tutalirudia.

2. Mjue mpangaji na chumba chake

Seva ya kuchangia ni nyumba ya kupanga. Paa moja, umeme mmoja, wapangaji pengine mamia, na kila mmoja ana chumba chake. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, halafu kuna wengine wote. Kila upande unapewa namba: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1. Unazijumlisha. Kwa folda, ile 1 maana yake ni ruhusa ya kuingia ndani.

Basi 755 inasema mwenyewe afanye lolote, wengine waingie na kuona tu. Na 644 inasema mwenyewe asome na kuandika, wengine wasome tu. Amri inayobadilisha namba hizi, chmod, imo tangu kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix, kilichotoka maabara ya Bell huko Marekani Novemba 1971. Mwambie mwenyekiti hivyo wakati faili zinapakia. Atafurahi kusikia kwamba unashika kitu chenye historia, na hujamdanganya.

3. Usiweke 777, hata kama mwenyekiti anatazama saa

Najua kinachokujia kichwani. Mtu fulani alikuambia uweke 777 kila mahali, tovuti itafunguka, uchukue hela yako uondoke. Wakati mwingine hufunguka kweli, na ndiyo maana ushauri huo haufi.

Sasa sikia. Kuweka 777 ni kuwaambia wapangaji wote waingie chumbani kwako na kupanga vitu watakavyo. Kwenye seva isiyotenganisha akaunti vizuri, tovuti ya jirani ikidukuliwa, mdukuzi anaandika faili lake kwenye folda yako. Wiki chache baadaye mkulima anafungua tovuti ya chama kutafuta tarehe ya mnada anapelekwa kwenye kamari. Kwenye seva yenye ulinzi mkali inakuwa kinyume: seva inaona faili ambalo kila mtu anaweza kuliandika, inakataa kulitekeleza, inakurushia 500. Watu wengi wanaohangaika na 500 wameiita wenyewe, kwa 777 ile ile waliyoiweka kuondoa 403.

Kuna jambo zito zaidi. Chama kina orodha ya wanachama: majina, namba za simu, pengine kilo walizouza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha hiyo haitakiwi kukaa ndani ya public_html, folda ya tovuti inayoonekana kwa umma, hata kidogo, achilia mbali kwenye folda yenye 777. Mkulima aliyekupa namba yake hajui chmod ni nini. Amekuamini wewe.

4. Njia ya mkato ya kweli

Mkato mkubwa kuliko yote: usipakie kabisa. Ndani ya cPanel, paneli ya kusimamia akaunti yako ya seva, mara nyingi kuna Softaculous, kisakinishaji cha programu. Bonyeza, chagua WordPress, jaza jina na nywila, subiri. Faili zinazaliwa huko huko kwenye seva, kwa jina la akaunti yako, na namba sahihi. Bando halijaguswa. Hakuna anayekuona umetumia njia rahisi, na hata akikuona, tovuti imefunguka.

Ukilazimika kupakia, pakia zipu moja halafu uifungulie ndani ya cPanel. Usipeleke maelfu ya faili moja moja kwa intaneti ya simu. Mtandao ukikatika katikati utaachiwa faili tupu, zenye jina na zisizo na kitu ndani, na utakesha ukilaumu ruhusa ambazo hazina kosa.

Faili zikishafika na namba zimevurugika, fungua FileZilla, programu ya FTP. Ingia ndani ya public_html, chagua vyote vilivyomo, bonyeza kulia, ufungue ruhusa za faili. Andika 755, weka alama ya kuingia folda za ndani, chagua itumike kwa folda peke yake. Ikimaliza, rudia: 644, kwa faili peke yake. Mara mbili, kila kitu na namba yake. Ukijisahau ukaweka 644 kwenye folda, umeondoa ruhusa ya kuingia, na tovuti nzima itajifungia.

Kama akaunti yako ina terminali, fanya hivyo hivyo kwa mistari miwili. Ingia kwanza public_html, halafu:

find . -mindepth 1 -type d -exec chmod 755 {} +
find . -type f -exec chmod 644 {} +

Mistari hii inaleta heshima kubwa kwa anayeangalia kwa nyuma. Lile neno la mindepth limewekwa makusudi: folda ya public_html yenyewe, kwenye seva nyingi za cPanel, inakaa na 750, na inatakiwa ibaki hivyo. Mwisho kabisa lipe wp-config.php namba 600, kwa sababu ndimo nywila ya hifadhidata ilimo. Tovuti ikigoma baada ya hapo, pandisha namba hiyo iwe 640.

5. Namba ziko sawa, bado inagoma

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo wewe utakapowapita. Tatizo limehama kutoka kwenye namba kwenda kwa mwenye faili. Kwenye baadhi ya seva, programu ya tovuti hufanya kazi kwa jina la seva, kama nobody au apache, si kwa jina lako. Folda iliyoundwa na programu hiyo si yako. Utajaribu kuifuta kwa FTP utakataliwa, utajaribu kuibadilisha namba utakataliwa. Amri ya kubadilisha umiliki, chown, ni ya msimamizi wa seva, mpangaji hapewi.

Lakini kuna mlango wa pembeni, na ni halali. Folda iliyoibeba folda hiyo ni yako, kwa hiyo unaruhusiwa kubadilisha jina la iliyo ndani. Ile uploads iite uploads-zamani. Kisha inakili ndani ya cPanel, na nakala uiite uploads. Nakala umeitengeneza wewe, kwa hiyo ni mali yako, picha zote zimo. Jaribu kupandisha picha ya ghala kwa FTP; kupitia WordPress itakubali pale tu ambapo programu sasa inafanya kazi kwa jina lako. Ya zamani utawaachia wenye seva waifute.

Kuhusu ule mstari wa FS_METHOD ambao watu huuweka kwenye wp-config.php ili WordPress iache kuomba nywila ya FTP: uweke pale tu ambapo programu inafanya kazi kwa jina lako. Kwingine kokote unazidisha faili zisizo zako.

6. Angalia nafasi

Akaunti ikijaa, ujumbe unaotokea hufanana sana na wa ruhusa: haiwezi kuandika, haiwezi kuunda. Tazama ukubwa uliotumika na idadi ya faili, kwa sababu kampuni nyingi huweka kikomo cha vyote viwili. Futa zipu uliyopakia. Safisha barua pepe za takataka.

7. Ukishindwa, shindwa kifundi

Usimwambie mwenyekiti kwamba mtandao ni mbovu. Ana simu mkononi na WhatsApp inaingia. Mwambie hivi: "Mzee, baadhi ya faili ziko kwa jina la seva. Anayeweza kuzirudisha kwetu ni msimamizi wao peke yake, nawaandikia sasa hivi." Kila neno hapo ni kweli, na hakuna fundi mkubwa angesema tofauti.

Kisha waandikie kweli. Taja jina la tovuti, saa kosa lilipotokea, njia kamili ya folda, maneno ya kosa kama yalivyo, na ulichokwisha kujaribu. Malizia na ombi moja: wabadilishe umiliki wa faili zote zilizo chini ya public_html ziwe za akaunti yako. Barua iliyonyooka inamfikia anayejua kazi. Barua inayosema "tovuti haifanyi kazi, saidieni" itajibiwa kwa maswali, na maswali hayo yatakula siku yako yote.

Tovuti ikishafunguka, usiondoke na kila kitu kichwani mwako. Chukua daftari la chama, umwandikie katibu kwa mkono: folda 755, faili 644, wp-config.php 600, jina la kampuni ya seva, na tarehe ya kulipia tena. Akaunti iwe kwa jina la chama, si lako. Nywila mkabidhi mwenyekiti, aibadilishe ukiwepo.