Nanga Iliyopanda Mlima

Kwetu Port Victoria hakuna anayekiri kwamba hajui chombo. Ukiulizwa pale ufukwe wa Marenga kama unaweza kupiga kasia, unasema naweza, mengine yatajulikana mkishakuwa majini. Ndiyo maana msichana wa duka la kukodisha skii kule St. Anton, Austria, aliponiuliza mimi ni mgeni wa mchezo, wa wastani au mzoefu, ulimi ulikwisha kujibu: mzoefu.

Binamu yangu alinitazama kwa jicho la pembeni. Anaishi Innsbruck, na alinileta kwa nia njema ya kunionyesha theluji, ila kati ya vijiji vyote vya Alps alichagua kile ambacho hata Waaustria hukiogopa kidogo. Mimi nilidanganywa na hesabu. Kijiji kiko mita 1,304 juu ya bahari, na ziwa letu liko kama mita 1,134. Mita 170 tu! Vilima vya Samia tunavipanda na kuni kichwani. Kumbe pale kijijini ndipo watu huanzia, na kilele cha Valluga kiko mita 2,811.

Swali la pili lilikuwa uzito. Nina kilo 94. Nikasema 70, sababu siijui mpaka leo. Kwetu mzani ni wa mbuta, si wa watu. Sasa, ile kufuli inayoshika buti kwenye skii hukazwa kwa kufuata uzito, urefu, umri na uzoefu wako, ili ukianguka iachie kabla mfupa haujavunjika. Uongo wangu wa kwanza uliikaza, wa pili ukailegeza, na nadhani ikatoka karibu na kweli. Ni kitu pekee kilichokwenda sawa siku hiyo.

Nje, buti zile ngumu zilinitembeza kama korongo aliyekanyaga makaa. Watoto wa miaka minne hivi walinipita wamefuatana kama vifaranga vya bata, wanateleza bila fimbo, hata hawaniangalii.

Kisha ikaja nanga. Sina jina jingine la kuipa: chuma chenye umbo la nanga kinachoning'inia kwenye kamba inayozunguka, kinakupata nyuma ya mapaja na kukusukuma mlimani ukiwa umesimama juu ya skii zako. Umesimama. Mimi nilikikalia kama kiti cha boda boda. Kamba ikarefuka, nikaketi kwenye theluji, na kwa kuwa sikuwa na akili ya kuachia, nikaburutwa kama wavu wenye gogo ndani. Maisha yangu yote nanga nimeijua kuwa ya kuzuia chombo kisiende! Mara ya pili nilimwangusha na binamu, tuliyekuwa tumeshika naye nanga moja. Mara ya tatu nilifika juu, peke yangu, yeye akiwa bado anatafuta miwani yake chini.

Juu kulikuwa na vibao vya rangi. Nyekundu, kila dereva wa matatu anajua, ni simama. Buluu ilielekeza mbali. Nyeusi ilikuwa hapo hapo miguuni, na nikajiambia labda wazee wa mlima huu wametukumbuka na sisi. Nyeusi, nilikuja kuelezwa baadaye, ndiyo njia ya wazoefu. Yaani mimi, kwa mujibu wa fomu.

Nilianguka mara nne ndani ya mita thelathini, na ya nne goti likazunguka upande wake. Nikiwa chali nikamkumbuka Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998. Alimaliza kilomita 10 akiwa wa 92, yaani wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyemsubiri mstarini amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina hilo, Dæhlie. Miaka yote nilikuwa nikimcheka. Pale kwenye theluji nilimwomba radhi: ili uwe wa mwisho ni lazima ufike.

Waokoaji walikuja na chombo wanachokiita akja. Nilipokiona nusura nilie. Ni mtumbwi. Mtumbwi kabisa, na omo na tezi, ila wa kwenye theluji, mtu mmoja ameshika mikono ya mbele, mwingine ya nyuma. Wakanifunga blanketi, wakanishusha kwa ustadi ambao Marenga wangeusifu. Nilitaka kuwaambia wapinde kushoto kidogo, nikanyamaza.

Kule kuokolewa mlimani hulipiwa. Nauli ya mtumbwi alilipa binamu, nami namrudishia kwa omena, gorogoro moja moja, kupitia kila anayesafiri upande ule. Kama unaelekea Austria, pitia Port Victoria kwanza. Mzigo si mzito. Mara hii nimeupima.