Rula ya Bungeni

Juni 2018, maofisa wa uvuvi waliingia mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa. Faini kwa samaki wachanga: Sh300,000. Waheshimiwa wakawaka: eti wamedhalilishwa! Huku Mwanza, ambako Operesheni Sangara ya kusaka uvuvi haramu ilikuwa inachoma nyavu, tuliwapa pole. Kwa kejeli kidogo, lakini pole.

Sasa kila Bunge likikaribia kukaa, hapa mwaloni Kirumba tunajiuliza muswada gani utakuja mbiombio kwa hati ya dharura, kama ile mitatu ya rasilimali mwaka 2017. Sato akiwa chini ya sentimita 25, kosa. Muswada mchanga, uliovuliwa Jumatatu na kukaangwa Ijumaa, nani anaupima? Rula mnayo, waheshimiwa. Au ilirudi na wenyewe?